Kengele Iliyokuwa na Baba

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini? Pakawa nchi ya baridi, ukitema mate yanafika chini yamekuwa jiwe. Sogeeni motoni basi, maana leo nawapeleka huko, na anayesinzia nitamwacha njiani.

Kale, kale ya kale yenyewe, huko Ulaya ya milimani palikuwa na nchi ikiitwa Belgora. Nchi hiyo ilitawaliwa na Kaisari, yaani mfalme aliyeona ufalme mmoja haumtoshi. Na juu kabisa, mahali barabara inapopenya kati ya milima miwili, palikuwa na kijiji kidogo kiitwacho Sniva. Watu wa Sniva walifuga mbuzi, walitengeneza jibini, na kila mwaka walizika watu. Si kwa maradhi. Theluji ndiyo iliyowaua. Theluji ya huko hushuka kama unga unaochekechwa, na ikija na upepo mtu hauoni mkono wake mwenyewe. Mwanamume anatoka kutafuta mbuzi, anapotea karibu na mlango wake, anakuja kuonekana theluji inapoyeyuka, amekaa kitako kana kwamba anapumzika.

Hivyo ndivyo alivyoonekana baba yake Yeritsa. Yeritsa alikuwa kitoto, meno ya mbele yamemtoka na mapya hayajaota. Alimtazama baba yake, asilie, akauliza, "Kwa nini hakuna aliyemwita?" Watu wazima wakatazama chini. Walikuwa wamemwita sana, lakini upepo ulikula sauti zao.

Swali lile likawakaa kooni. Wakauza jibini, wakauza mbuzi, wakatoa hata sufuria zao, wakaenda kwa mhunzi akawatengenezea kengele kubwa ya shaba. Tufani ikija, kengele ipigwe, na aliyepotea afuate sauti mpaka mlangoni.

Sasa tegeni masikio, maana hadithi yote imefungwa hapa kama mbuzi kwenye kigingi. Kwa watu wa Belgora kengele si chombo. Kengele ni mtoto. Kabla ya kupandishwa mnarani huoshwa, hupakwa mafuta, huvishwa nguo nyeupe, hubatizwa na kupewa jina. Na kama mtoto yeyote, hupewa baba na mama wa ubatizo. Hao wawili huishika kamba yake kwa pamoja na kuapa: "Ukiniita, nitaitika. Ukionewa, nitakutetea. Ukipotea, nitakurudisha nyumbani." Wakisha kuapa ni wazazi wenza mpaka kufa, hata kama mmoja ana majumba na mwingine hana kiatu.

Umama wakampa Yeritsa, kwa ajili ya baba yake. Na baba? Siku ya kumbatiza, kwa bahati, msafara wa mke wa Kaisari ulikuwa unapita, na ndani ya gari la dhahabu alikuwemo mwanawe, Radovani, mrithi wa kiti. Watu wa Sniva ni wajanja, msiwaone na matope. Wakapiga magoti, wakasema, "Mama wa nchi, mtoto wetu hana baba." Mama wa nchi akacheka, akasema, "Haya, mwanangu acheze kidogo."

Radovani naye alikuwa na pengo, sawasawa na Yeritsa. Wakampa mkate wa asali akatulia. Akashika kamba kwa kiganja kinachonata, akaapa huku anatafuna, na kwa sababu ya pengo kila neno lilitoka na upepo. Kengele ikapewa jina Dorotea. Radovani akapanda gari lake, akasahau kila kitu kabla asali haijakauka vidoleni.

Dorotea akapandishwa mnarani, na alipopigwa aliimba hivi. Nanyi mwitikieni:

*Huku, huku, huku kwenu,*
*moto unawaka, mlango u wazi,*
*huku, huku, huku kwenu.*

Tangu siku hiyo Sniva hawakuzika tena mtu wa theluji. Na kwa kuwa Dorotea alizaliwa kwa ajili ya walio hai, hawakumpiga kwa kifo. Mtu akifa walimzika kimya.

Meno ya Radovani hayajaota, baba yake akafa. Wakamweka mtoto kwenye kiti cha enzi, miguu inaning'inia, taji limejazwa pamba ndani lisimshukie machoni. Mbele ya maaskofu na majemedari na wafalme wadogo wote akaapa: "Nchi yangu nitailinda, watu wangu nitawalinda, neno langu nitalilinda." Kila neno lilitoka na upepo. Mawaziri wakauma midomo wasicheke, lakini mtoto ana macho, aliwaona. Na mtu aliyechekwa akiwa mdogo, mpeni ukubwa, mtamjua.

Akakua, naye akakua na ukaidi. Akaenda mashariki, akashinda. Akaenda magharibi, akashinda. Akaenda kusini, akashinda. Wafalme watatu wakaja kubusu mkono wake. Ukabaki mji mmoja tu upande wa kaskazini, nyuma ya milima ya Sniva, mji wa Harsteni. Wenyewe hawakuwa na jeshi la maana, ila walikuwa na ukuta. Risasi za mizinga ya Kaisari zilidunda pale zikarudi kumsalimu mwenye nazo.

Kaisari Radovani akapiga mguu chini, akasema, "Sivui buti hizi mpaka ukuta ule uanguke."

Na kweli hakuvua. Akala nazo, akasali nazo, akalala nazo, mpaka mkewe akahamia chumba cha pili.

Ili kuangusha ukuta ulitakiwa mzinga ambao dunia haijauona, na mzinga unataka shaba. Kaisari akatoa amri: leteni masufuria. Masufuria yakaenda. Hayakutosha. Akatoa amri: leteni masanamu ya babu zangu. Masanamu yakaenda. Hayakutosha. Akatoa amri ya tatu: leteni kengele. Nchi nzima ikanyamaza, mnara baada ya mnara, watu wakasimama milangoni wakiona watoto wao wanapakiwa kwenye mikokoteni. Walilia, lakini hakuna aliyesema neno. Walimwogopa.

Askari wakafika Sniva. Yeritsa alikuwa sasa mwanamke mzima, mikono yake migumu kama kamba, maana yeye ndiye aliyempiga Dorotea kila tufani. Kapteni mmoja mwenye masharubu akamkuta mlangoni pa mnara.

"Mama, tumekuja kuchukua kengele."

"Kengele ipi, mwanangu? Hapa hakuna kengele. Hapa kuna Dorotea."

"Huyo huyo. Ni amri."

"Mtoto hapelekwi vitani bila baba yake kujua. Baba yake aje aseme mwenyewe."

"Baba yake ni nani?"

"Radovani."

"Radovani yupi?"

"Huyo wa buti," akasema Yeritsa.

Kapteni akageuka rangi. Mkuu wa kijiji akamsogelea Yeritsa, akamnong'oneza, "Dada, mkono usioweza kuukata, ubusu. Watatuchomea nyumba."

Yeritsa akamjibu, "Wewe ulimwona baba yangu alivyokaa. Nimeshika kamba, siiachii."

Hawakumsikiliza. Askari wakamshusha Dorotea, wakamlaza kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Yeritsa hakupiga kelele wala hakumpiga mtu. Alishika ncha ya kamba, akaizungusha kwenye kiganja, na mkokoteni ulipoanza kutembea, naye akaanza kutembea nyuma yake. Kapteni alichomoa upanga aikate kamba. Lakini aliwatazama askari wake, wote watoto wa vijijini, akaona kila mmoja anaangalia pembeni, kwa kuwa kwao nako kengele zilikuwa na mama. Akaurudisha upanga wake alani.

Wakashuka mlima. Ng'ombe aliyevuta mkokoteni akageuza shingo, akasema, "Mama, rudi. Mzigo huu si wako."

Yeritsa akasema, "Ng'ombe hashindwi na nunduye, wewe hujui hilo? Nimeshika kamba, siiachii."

Ng'ombe akaona haya, akaendelea kuvuta.

Wakavuka msitu. Kunguru akatua juu ya Dorotea, akasema, "Mama, rudi. Nimekula macho ya wengi waliobishana na Kaisari."

Yeritsa akasema, "Basi subiri zamu yako ya kula, usinihimize. Nimeshika kamba, siiachii."

Kunguru akaruka zake.

Wakafika mji mkuu. Mbwa mzee wa langoni akainuka kwa shida, akasema, "Mama, rudi. Huyu mtu hasikilizi hata mimi, na mimi nimelala miguuni pake tangu utoto wake."

"Tangu utoto? Basi unakumbuka pengo lake," akasema Yeritsa.

"Nalikumbuka," akasema mbwa.

"Hata mimi. Nimeshika kamba, siiachii." Akapita.

Penye tanuru palikuwa pamejaa watu. Kengele za nchi nzima zilirundikwa pale, na shaba ilichemka mpaka hewa ikatetemeka. Majemedari walikuwepo, mawaziri walikuwepo, na wale wafalme watatu walioshindwa waliletwa waone. Ilipangwa Kaisari mwenyewe achague kengele ya kwanza kutupwa motoni. Akatembea kati ya kengele, buti zinalia kwa, kwa, kwa. Akasimama mbele ya Dorotea kwa sababu alikuwa mkubwa na mzuri.

"Hii," akasema.

Na mwanamke mwenye matope mpaka magotini, kamba imemwingia nyamani, akasema kutoka nyuma ya kengele, "Hodi, mzazi mwenzangu."

Hakuna aliyekuwa amemwita Kaisari hivyo tangu azaliwe. Radovani akamtazama mwanamke yule kwanza kwa ghadhabu, kisha kwa mashaka, maana kitu fulani kilimjia ulimini, utamu asioujua umetoka wapi.

"Mimi na wewe tumezaa wapi?" akauliza, na mawaziri wakacheka inavyopasa.

"Hatukuzaa, tulibatiza. Sniva, mlimani. Ulipewa mkate wa asali. Ulishika kamba hii ukasema: ukiniita nitaitika, ukionewa nitakutetea, ukipotea nitakurudisha nyumbani. Mtoto wako huyu hapa, na leo anaonewa. Nimekuja kukwambia, nisije nikaambiwa nilikuficha."

Mawaziri hawakucheka tena. Askofu mmoja akainamia kengele, akasoma jina la baba lililochorwa kwenye mdomo wake, akajifuta jasho.

Lakini Kaisari alikuwa Kaisari. "Mwanamke," akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "nimeapa kuangusha ukuta wa Harsteni, na hicho ndicho kiapo cha mtu mzima. Siku hiyo nilikuwa mtoto, sina hata meno. Kiapo cha mtoto si kiapo."

Hapo ndipo alipoteleza, jamani. Angesema "mpigeni", wangempiga. Alitaka haki iwe upande wake pia, mtu na tamaa zake.

Yeritsa hakuwa mwepesi wa maneno. Alifikiri kidogo, kisha akauliza polepole, kama mtu anayetaka kujua kweli, "Na taji, mzazi mwenzangu? Taji uliliapia una meno?"

Wafalme watatu walioshindwa wakainua vichwa kwa pamoja.

"Maana walikuvika mwaka ule ule," akaendelea. "Watu waliotoka huku walitusimulia. Uliapa kwa pengo lile lile. Kama kiapo cha mtoto si kiapo, basi mimi sina mzazi mwenza, kweli, na mtoto wangu hana baba. Ila nchi hii nayo haina Kaisari. Niambie lipi ni lipi, nipate kujua nazungumza na nani."

Shaba ikaendelea kuchemka. Majemedari wakatazamana, kila mmoja akipima kichwa chake kama taji lingemtosha. Radovani aliwaona, kama alivyowaona mawaziri siku ile miguu yake inaning'inia. Akajua kwamba maji yakimwagika hayazoleki, na yaliyomwagika yalitoka kinywani mwake mwenyewe.

Alikuwa mkaidi, lakini mwongo hakuwa. Akaweka mkono juu ya Dorotea. "Mtoto ana baba," akasema. "Mrudisheni nyumbani."

Habari ile ikakimbia kuliko farasi. Kesho yake wakaja wazazi wa kengele za nchi nzima, wazee kwa vijana, mmoja na hati, mwingine na mkongojo, kila mtu akishika kamba yake na kusema, "Nimekuja kumchukua wangu." Tanuru likapoa. Mzinga haukutengenezwa.

Mngedhani Kaisari atavua buti. Thubutu! Sikio la kufa halisikii dawa. Alikusanya jeshi na mizinga yake midogo, akapanda mlima kwenda Harsteni hivyo hivyo. Alipita Sniva bila kuutazama mnara. Yeritsa alikuwa barabarani na mbuzi wake, akamwambia, "Mzazi mwenzangu, ukipotea, fuata sauti." Hakujibiwa.

Ukuta wa Harsteni ukamwangalia, na yeye akauangalia. Chakula kikaisha, farasi wakaliwa, baridi ikaingia kwenye mifupa ya watu. Mwishowe jeshi likageuka kurudi, na lilipofika katikati ya milima, tufani ikashuka. Mchana ukawa mweupe tupu, mbele nyuma hakujulikani.

Kule Sniva, Yeritsa akaenda mnarani. Watu wakamzuia mlangoni. Mkuu wa kijiji, yule yule, akasema, "Leo usipige. Hao ndio waliotaka kumyeyusha. Theluji imewapata, waache wapatwe."

Yeritsa aliwaelewa. Hata yeye moyo ulimwambia hivyo, na hakuona haya kukiri. "Mimi nami siwapendi," akasema. "Lakini Dorotea hakufundishwa kuchagua. Siku akianza kuchagua, atakuwa mzinga. Nipisheni, nimeshika kamba."

Akapiga. Alipiga mpaka viganja vikachanika, mikono ikafa ganzi, akajifunga kamba kiunoni akapiga kwa uzito wa mwili wake. Na alipoanza kuanguka, mikono mingine ikashika kamba juu ya mikono yake, ya mkuu wa kijiji ikiwa ya kwanza.

*Huku, huku, huku kwenu,*
*moto unawaka, mlango u wazi,*
*huku, huku, huku kwenu.*

Huko kwenye weupe, farasi wa Kaisari akasimama. "Bwana, mtu anakuita."

"Ni upepo," akasema Radovani. "Twende."

"Bwana, mtu anakuita."

"Ni upepo. Twende."

"Bwana," akasema farasi, "mimi ni farasi tu, lakini upepo naujua. Mtu anakuita."

Radovani akafunua masikio. Akasikia. Na utamu ule usio na jina ukamrudia ulimini, akaujua sasa kuwa ni asali. Akafungua midomo iliyoganda akasema, "Naitika."

Akashuka, akawaambia askari washikane makoti, mmoja nyuma ya mwingine, akatangulia yeye kwa miguu kuelekea sauti. Walitembea, wakaanguka, wakainuka, mpaka mkono wake ukagusa mbao. Ulikuwa mlango. Akagonga.

"Nani?" akauliza Yeritsa, ambaye walikuwa wamemlaza karibu na moto, viganja vimefungwa vitambaa.

"Mzazi mwenzako."

"Karibu. Vua buti, unatulowesha."

Kaisari Radovani, aliyeshinda mashariki na magharibi na kusini, akaziangalia buti zake kwa muda mrefu. Ukuta wa Harsteni ulikuwa umesimama kule kule. Akakaa kizingitini. Hazikutoka kwa urahisi, zilikuwa zimeshikana na ngozi, ikabidi mkuu wa kijiji amsaidie kuvuta. Akalia kwa maumivu, na kwa mengine, na hakuna aliyemcheka. Askari wakaenea katika nyumba zote za Sniva, na kila nyumba ikawasha moto.

Alitawala miaka mingi baada ya hapo. Wale wafalme watatu aliwarudishia funguo za miji yao, akafanya suluhu na Harsteni, watu wa huko wakawa wanamletea ngano kwa kupitia barabara ya Sniva. Ukaidi haukumtoka, ila aliugeuzia kwingine: alitaka kila njia ya mlimani iwe na kengele, na hakupumzika mpaka ikawa. Kila mwaka alipanda kumtazama mtoto wake, akala mkate wa asali na mzazi mwenzake, na walizeeka mpaka meno yakawatoka tena wote wawili, wakawa wanachekana mapengo.

Akafa mzee, kitandani, miguu mitupu. Kengele za nchi nzima zikapigwa kwa huzuni, taratibu, kama zinavyopigiwa makaisari. Tarishi akafika Sniva akasema, "Pigeni na ninyi."

Watu wakamtazama Yeritsa. Walijua Dorotea hapigwi kwa kifo. Bibi kizee yule akainuka, akakataa kushikwa mkono, akapanda ngazi za mnara moja moja. Akashika kamba. Akamwambia Dorotea, "Mwanangu, baba yako yuko njiani, peke yake, na haoni." Akapiga, si mlio wa msiba, bali ule wa tufani, ule ule:

*Huku, huku, huku kwenu,*
*moto unawaka, mlango u wazi,*
*huku, huku, huku kwenu.*

Na kule Sniva milango yote ilifunguliwa, ikaachwa wazi mpaka alipomaliza kupiga.

Hadithi yangu imeishia hapo, kizingitini. Aliye nje na aingie.